Livike Shamba Lako Kabla Magugu Hayajalivika



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya maji ya kunywa, choo, chandarua na chakula cha mtoto. Leo tutazungumza juu ya udongo. Usishangae. Uji wa mtoto wako unatoka kwenye udongo. Ugali na mboga unayokula jioni vinatoka kwenye udongo. Udongo ukiugua, chakula hupungua chunguni. Chakula kikipungua, mtoto hudhoofika na magonjwa humpata upesi. Kwa hiyo anayeutibu udongo anaitibu nyumba yake.

Tuseme una eka 1 ya mahindi. Miaka ya kwanza ulivuna magunia 10. Baadaye yakawa 7. Mwaka jana yalikuwa 4. Mvua haikuwa mbaya sana. Mbegu ulichagua. Ulilima kama wazee wako walivyolima. Lakini ulipofika mwezi wa pili ghala lilikuwa tupu, na ikabidi ununue unga kwa bei ya juu. Ukajiuliza: "Je, shamba langu limerogwa?"

La, ndugu. Shamba lako halikurogwa. Shamba lako limechoka kwa sababu limekaa uchi miaka mingi. Tuone maana yake.

UDONGO UNA UHAI

Watu wengi hudhani udongo ni vumbi tu. Sivyo. Udongo wenye afya una uhai. Ndani yake mna nyungunyungu, mchwa, ukungu, na vijidudu vidogo sana ambavyo macho hayawezi kuviona. Katika konzi moja ya udongo mzuri mna viumbe vingi kuliko watu wote waliopo duniani.

Viumbe hawa hufanya kazi usiku na mchana. Hula majani makavu, mizizi iliyokufa na samadi. Wakimaliza kula, hubaki kitu cheusi na laini kinachoitwa mboji. Mboji ndiyo nguvu ya udongo. Hushika maji kama sifongo. Hushika chakula cha mimea kisichukuliwe na mvua. Hufanya udongo uwe na matundu madogo ambamo maji na hewa hupita.

Viumbe hawa wanataka vitu vitatu kama wewe unavyotaka: chakula, maji na kivuli. Ukichoma mabua, umewanyima chakula. Ukiliacha shamba wazi wakati wa kiangazi, umewanyima maji na kivuli. Basi hufa au huhama, na mboji haitengenezwi tena.

Jaribu mwenyewe. Usikubali maneno ya gazeti tu. Chukua mabonge mawili makavu ya udongo, kila moja liwe na ukubwa wa yai. Bonge la kwanza lichimbue chini ya mti au penye nyasi, mahali ambapo jembe halifiki. Bonge la pili lichukue katikati ya shamba lako. Tia maji katika vikombe viwili, kisha weka kila bonge taratibu ndani ya kikombe chake. Hesabu hadi 100, halafu tazama.

Mara nyingi utaona kwamba bonge la chini ya mti bado limeshikana. Lile la shambani limevunjika na kuwa tope. Hivyo ndivyo shamba lako linavyofanya mvua inaponyesha. Udongo usio na mboji hauna gundi ya kuushika.

JUA NA MVUA JUU YA UDONGO ULIO UCHI

Saa saba mchana wakati wa kiangazi, vua viatu usimame katikati ya shamba lililo wazi. Hutasimama muda mrefu. Udongo unaunguza nyayo. Sasa ingia chini ya migomba yenye majani makavu yaliyotandazwa. Udongo ni baridi na una unyevu. Kama wewe huwezi kusimama pale juani, nyungunyungu ataishije?

Mvua nayo ina madhara yake. Tone la mvua linaanguka kutoka juu kwa nguvu. Likipiga jani, nguvu hupungua, na maji hutiririka polepole hadi chini. Likipiga udongo ulio uchi, huuponda kama mchi unavyotwanga. Chembe ndogo za udongo huruka na kuziba matundu. Juu ya shamba hutokea ganda gumu. Maji hayawezi kuingia tena, kwa hiyo hukimbia yakichukua udongo wa juu, ule wenye rutuba.

Tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita 10 ikinyesha kwenye eka 1, maji yake ni zaidi ya lita 40,000. Hayo ni madebe 2,000 ya lita 20. Fikiri ni safari ngapi za kisimani! Maji hayo umeletewa bure mpaka shambani. Yakiingia ardhini, mahindi yako yatayanywa siku nyingi. Yakikimbia, yataondoka na udongo wako, na wiki moja baadaye utalalamika kwamba mahindi yananyauka. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Udongo uliokwenda mtoni nao hauzoleki.

SHAMBA HALIKUBALI KUKAA UCHI

Sasa tuje kwenye jambo kubwa la leo. Tazama mahali popote palipoachwa wazi: kando ya njia, uwanja wa shule wakati wa likizo, kiwanja kisichojengwa. Mvua ikinyesha, baada ya siku chache pameota majani. Hakuna aliyeyapanda. Ardhi yenyewe imejivika nguo.

Hivyo ndivyo magugu yalivyo. Magugu ni nguo ambayo ardhi hujivika inapoachwa uchi. Wewe unayavua kwa jembe, ardhi inayavaa tena. Unavua mara ya pili, inavaa tena. Vita hivi huwezi kuvishinda kwa jembe peke yake. Lakini ukiivika ardhi nguo unayoitaka wewe, magugu yatakosa nafasi.

Nguo hiyo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni matandazo, yaani mabua, majani makavu na nyasi zilizotandazwa juu ya udongo. Ya pili ni mazao ya kufunika udongo, yaani mimea inayotambaa au kusongamana mpaka ardhi isionekane.

Wazee wa zamani walijua jambo hili. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wanaishi kwenye milima mikali. Kwa zaidi ya miaka 100 wamelima kwa mashimo yanayoitwa ngoro. Hufyeka nyasi, huzipanga kwa miraba, kisha huzifukia kwa udongo. Nyasi huoza na kuwa mboji, na mashimo hushika maji ya mvua. Hawachomi nyasi zile. Huzilisha ardhi.

FAIDA ZA MAZAO YA KUFUNIKA UDONGO

Mazao mengi ya kufunika udongo ni ya jamii ya kunde. Mizizi yake ina vinundu vidogo. Ndani ya vinundu hivyo wanaishi vijidudu vinavyochukua naitrojeni kutoka hewani na kuipa mmea. Naitrojeni ndicho chakula kinachoyafanya mahindi yawe ya kijani na yenye nguvu. Ndiyo iliyomo katika mbolea ya urea ambayo huuzwa dukani. Mmea wa jamii ya kunde ukifyekwa na kuachwa shambani, majani na mizizi huoza, na sehemu ya naitrojeni hiyo hubaki kwa ajili ya zao lijalo.

Jaribu tena mwenyewe. Chagua mche wa kunde unaokaribia kutoa maua. Uchimbue kwa jembe, usiuvute. Tazama mizizi. Ukiona vinundu, kata kimoja kwa ukucha. Kama ndani ni chekundu au cha rangi ya waridi, kinafanya kazi.

Hapa chini ni mimea michache unayoweza kuitumia:

1. FIWI. Mahali pengine huitwa ngwara. Wakulima wa Arusha na Manyara wanaijua sana, na hata huiuza Kenya ambako huitwa njahi. Mizizi yake huenda chini sana na kupasua udongo mgumu. Hubaki ya kijani hata mvua ikiisha. Punje zake huliwa, lakini zilizokauka lazima zilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha zichemshwe vizuri mpaka ziive kabisa, na maji ya kuchemshia yamwagwe pia. Punje zisizoiva vizuri zina sumu.

2. KUNDE. Aina zinazotambaa hufunika ardhi upesi. Majani ni mboga, punje ni chakula. Zinafaa sana mahali penye mvua chache.

3. MBAAZI. Hazitambai, lakini hudondosha majani mengi chini, na mizizi yake ni mirefu. Zikipandwa pamoja na mahindi, hukua taratibu mwanzoni, kisha huendelea baada ya mahindi kuvunwa.

4. MABOGA NA VIAZI VITAMU. Haya si ya jamii ya kunde, hayaleti naitrojeni. Lakini hufunika udongo vizuri, na kila nyumba ina mbegu zake.

5. MAREJEA. Huu ni mmea wa kurutubisha shamba linalopumzishwa. Mkoani Ruvuma ulienezwa sana katika miaka ya 1980. Hupandwa peke yake kwa kusongamana, hukua haraka na kuyanyima magugu mwanga. Hufyekwa unapoanza kutoa maua. Usiwape mifugo mbegu zake, zinaweza kuwadhuru.

6. MUKUNA. Huyu ni ndugu wa upupu, lakini aina ya kupanda haiwashi. Hufunika ardhi kabisa na hushinda hata magugu sugu. Angalia sana: mbegu zake si chakula. Zina dawa kali ambayo haiondoki kwa upishi wa kawaida. Zihifadhi mbali na watoto, wasizidhanie maharage.

JINSI YA KUANZA

Usianze na shamba lote. Anza na robo eka, yaani kama mita 32 kila upande. Ukipata hasara, utakuwa umejifunza bila kulala njaa. Ukipata faida, utaongeza mwaka unaofuata. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatua ya kwanza. Baada ya mavuno usichome mabua. Yalaze kwenye mistari kukingama mteremko, yashike udongo na maji.

Hatua ya pili. Mvua zikianza, panda mahindi kwa mistari. Acha sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Usilime shamba lote. Chimba mashimo ya kupandia tu, na ndani ya kila shimo tia konzi ya samadi iliyooza kama unayo.

Hatua ya tatu. Mahindi yakifikisha wiki 2 au 3 tangu kuota, palilia kwa uangalifu. Mara baada ya palizi hiyo, panda fiwi au kunde katikati ya mistari. Weka mbegu 2 kila shimo. Kati ya shimo na shimo acha sentimita 50. Kilo 2 hivi za fiwi zinatosha robo eka. Usipande fiwi siku moja na mahindi. Fiwi ina nguvu, itapanda juu ya mahindi machanga na kuyavuta chini.

Hatua ya nne. Vuna mahindi yakikauka. Acha fiwi iendelee kufunika ardhi wakati wa kiangazi. Chuma punje kwa ajili ya chakula, na weka nyingine kwa mbegu.

Hatua ya tano. Kabla ya mvua zijazo, fyeka fiwi juu kidogo ya ardhi. Usiing'oe. Mizizi ikioza huacha njia za maji na hewa. Majani yaache juu kama matandazo. Kisha panda mahindi kwa kupenyeza mashimo kati ya matandazo hayo.

Kama kwenu mvua ni chache sana, fiwi na mahindi yanaweza kugombania maji. Hapo panda kunde badala ya fiwi, ukiongeza nafasi. Au gawa shamba: sehemu moja mahindi au mtama, sehemu nyingine kunde peke yake, na mwaka unaofuata ubadilishe. Muulize afisa ugani wako juu ya mmea unaofaa kwa udongo na mvua za kwenu.

Usitazamie miujiza katika msimu wa kwanza. Udongo uliodhoofika kwa miaka 20 hauponi kwa miezi 4. Lakini msimu wa pili na wa tatu utaona dalili: udongo mweusi zaidi, nyungunyungu chini ya matandazo, na jembe linaloingia bila kugonga.

PALIZI BADO NI LAZIMA

Mazao ya kufunika udongo hayafuti palizi. Huipunguza. Wiki 6 za kwanza za mahindi ni kama miezi ya kwanza ya mtoto. Yakinyimwa chakula wakati huo, hayatanenepa hata ukiyahudumia baadaye. Magugu hula chakula cha mahindi, hunywa maji yake na kuyakinga mwanga. Kwa hiyo palilia katika wiki ya 2 au ya 3, kisha tena katika wiki ya 5 au ya 6. Kwenye palizi hii ya pili ng'oa magugu yaliyobaki kwa mkono, usiharibu fiwi.

Palilia magugu yangali madogo. Samaki mkunje angali mbichi. Gugu lenye majani mawili hukwanguliwa kwa mara moja. Gugu lililotoa mbegu limekwisha kukuachia kazi ya miaka.

Kwangua juu juu. Ukichimba chini sana unakata mizizi ya mahindi. Tena unaleta juu mbegu za magugu zilizokuwa zimelala, nazo zikiona mwanga huota. Palilia asubuhi ya siku ya jua ili magugu yanyauke. Yasiyo na mbegu yaache pale pale yawe matandazo. Yenye mbegu yatoe nje ya shamba. Mizizi ya ndago na sangari ikusanye, ianike juani mpaka ikauke kabisa, maana kipande kidogo kikibaki huchipua tena. Ndago haipendi kivuli. Mahali palipofunikwa vizuri hudhoofika.

GUGU LINALOITWA KIDUHA

Kiduha ni mwizi kuliko magugu yote. Kina maua mazuri, mekundu au ya waridi, na watoto hupenda kuyachuma. Lakini chini ya ardhi mizizi yake imeingia ndani ya mizizi ya mahindi, mtama au ulezi na kunyonya chakula. Zao hudumaa na kuwa la manjano, hata kabla kiduha chenyewe hakijaonekana juu. Ndiyo maana wengi husema shamba limerogwa.

Mmea mmoja wa kiduha hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi. Mbegu hizo zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mahindi. Kiduha hustawi zaidi kwenye udongo uliochoka. Kwa hiyo ukikiona, ujue udongo unakuambia: "Mimi ni mgonjwa."

Dawa yake ni kufanya mambo matatu pamoja. Kwanza, king'oe kabla hakijatoa maua, na kila kilichokwisha kutoa maua kitie shimoni ukichome. Pili, lishe udongo kwa samadi, matandazo na mazao ya jamii ya kunde. Tatu, badilisha mazao. Pamba, kunde na karanga zina hila nzuri: mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha, zikaota, zikakosa mzizi wa kunyonya, zikafa.

Nchini Kenya, tangu miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, pamoja na wenzao walitengeneza njia inayoitwa sukuma-vuta. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea unaotambaa. Mmea huo hukizuia kiduha, na harufu yake huwafukuza wadudu watoboao mabua. Pembeni mwa shamba hupandwa matete, ambayo huwavuta wadudu hao wayaache mahindi. Desmodiamu na matete ni malisho mazuri ya ng'ombe na mbuzi. Wakulima wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania wametumia njia hiyo.

TAHADHARI JUU YA DAWA ZA MAGUGU

Siku hizi dawa za kuua magugu zinauzwa hata kwenye maduka madogo. Hupunguza kazi, lakini haziufuniki udongo wala kuulisha. Tena ni sumu. Ipo moja iitwayo paraquat: akiinywa mtu hata funda dogo anaweza kufa, na haina dawa ya kuiondoa nguvu mwilini.

Ukiamua kutumia dawa yoyote, soma maelezo yaliyo kwenye kopo au msomeshe mwenzako akusikie. Vaa glavu, viatu vya mpira, suruali na shati la mikono mirefu. Usinyunyizie upepo ukivuma. Oga ukimaliza. Kamwe usiitie dawa kwenye chupa ya soda au ya maji. Watoto wamekufa kwa kosa hilo. Kopo tupu usilichotee maji. Mtu akiinywa, mkimbizeni hospitali mara moja, na mchukue kopo lake ili mganga ajue ni sumu gani.

MOTO NA MIFUGO

Huenda unasema: "Mimi nitaacha mabua, lakini ng'ombe wa jirani watakula yote. Na moto wa wawindaji utachoma fiwi yangu." Ni kweli. Jambo hili mtu mmoja haliwezi.

Lipelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Zungumzeni wakulima na wafugaji pamoja bila kugombana. Mfugaji naye ana shida ya malisho wakati wa kiangazi. Mnaweza kukubaliana: mashamba fulani yasiingizwe mifugo, na mwenye shamba atoe sehemu ya mabua kwa mfugaji, naye mfugaji atoe samadi. Mnaweza kupanda matete kwenye kingo za mashamba kwa ajili ya ng'ombe. Mkikubaliana, halmashauri ya kijiji inaweza kuweka sheria ndogo juu ya moto na malisho. Sheria iliyotungwa na wote hulindwa na wote.

Na wewe mwenyewe usichome shamba. Ni kweli kwamba majivu huyastawisha mazao mwaka wa kwanza. Lakini ni kama kuuza mlango wa nyumba ili ununue kitoweo. Leo utakula, kesho utalala bila mlango.

KUTOKA SHAMBANI HADI CHUNGUNI

Sasa turudi nyumbani. Mtoto anayeachishwa ziwa akapewa uji mtupu wa mahindi hanenepi. Anahitaji chakula cha kujenga mwili. Fiwi, kunde na mbaazi ni chakula hicho, na hutoka shamba lile lile la mahindi bila kuongeza eka. Majani machanga ya kunde yana vitamini A inayosaidia macho, na madini ya chuma yanayosaidia damu. Unaweza kuyakausha kivulini ukayatunza kwa kiangazi.

Mfikirie pia mama. Katika nyumba nyingi, mwenye kushika jembe la palizi ni yeye, mtoto akiwa mgongoni, jua likiwa kali. Palizi moja ikipungua, mama atapumzika, atamnyonyesha mtoto kwa wakati na kupika mapema. Baba, usiseme palizi ni kazi ya wanawake. Udongo wa shamba hauulizi jembe limeshikwa na nani.

TUKUMBUKE

Udongo una uhai. Ulishe na uufunike. Ukiuacha uchi, jua litaukausha, mvua itauchukua, na magugu yataujaza. Usichome mabua. Panda zao la kufunika udongo katikati ya mahindi. Palilia mapema na juu juu. Anza na robo eka msimu huu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Kama mnasoma katika kikundi, someni tena sehemu mliyoipenda, kisha mjibu maswali haya:

1. Fanyeni lile jaribio la mabonge mawili ya udongo. Mmeona nini? Kwa nini?

2. Wazee wa kijiji chenu walitumia njia gani kuhifadhi rutuba? Ni zipi zimeachwa, na kwa nini?

3. Ni magugu gani yanawasumbua zaidi? Je, kiduha kipo?

4. Ni zao gani la kufunika udongo ambalo mbegu zake mnazo tayari kijijini?

5. Mtafanya nini ili mabua yasichomwe wala kuliwa yote na mifugo kiangazi hiki?

Mkimaliza kujibu, chagueni shamba moja la kujaribia na mlitembelee pamoja kila mwezi. Anayeona kwa macho yake hahitaji kuambiwa mara ya pili. Ardhi hii tuliikuta imevikwa. Tusiwaachie watoto wetu ikiwa uchi.